Mbwa anajikuna msimu wa baridi: anza na hewa ya chumba kabla ya shampuu

Wiki mbili tatu baada ya baridi kushika na hita kuanza kuwaka kutwa nzima, mbwa mweusi ndiye anayetoa siri mapema. Ukimpapasa kinyume cha manyoya, mgongoni karibu na mkia, unabaki na unga mweupe mkononi. Mbwa mweupe ana ukavu uleule, ila hauonekani mpaka aanze kujikuna. Hapo wengi hufanya jambo lilelile: humtia kwenye maji ya moto, humpaka shampuu yenye povu jingi, humsugua mpaka ang'ae, na baada ya siku tatu mba imerudi kwa wingi kuliko mwanzo. Basi wanaongeza kumwogesha, na mba nayo inaongezeka.

Ngozi ya msimu wa baridi inavuja maji, na kila safari ya bafuni isiyo na mpango huzipanua nyufa zake. Jambo la pili la kulishika kabla ya kununua chochote ni hili: ukavu peke yake huleta mba nyingi na muwasho mdogo. Mbwa anayeamka usiku kujikuna, au anayejitafuna mpaka manyoya yanakatika, ana kitu kingine. Baridi huenda imekichochea tu, au vimekutana kwa bahati mbaya.

Ngozi inavujaje

Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko la binadamu. Kwa mbwa, sehemu hai ya tabaka hilo huwa na safu 3 hadi 5 tu za seli katika maeneo yenye manyoya. Sisi tuna 10 au zaidi. Juu yake kuna seli zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na kati ya tofali na tofali kuna mafuta maalumu (seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta) yanayofanya kazi ya udongo wa kushikizia. Udongo huo ukipungua, maji ya mwilini hupenya na kupotea hewani, seli zinakauka na kubanduka zikiwa zimeshikana. Hiyo ndiyo mba unayoiona. Kupitia nyufa hizohizo huingia vumbi, chavua na vijidudu, na muwasho unaanzia hapo.

Sasa tazama hewa. Hewa ya nje yenye nyuzi 0 za Selsiasi, hata ikiwa imejaa unyevu wote inaoweza kubeba, ina takribani gramu 5 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 21 inaweza kubeba gramu 18 hivi. Kwa hiyo hewa ya nje ikiingia ndani na kupashwa moto bila kuongezewa maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 26. Nje kukiwa na baridi kali zaidi ya hapo, ndani kunakauka zaidi ya hapo. Mbwa anayelala saa 12 au 14 kwa siku katika hewa hiyo, tena mita moja kutoka kwenye hita, anakauka kama nguo kwenye kamba.

Seli mpya ya ngozi ya mbwa huchukua takribani wiki 3 kupanda kutoka chini hadi kubanduka juu. Kumbuka muda huo. Ukibadilisha kitu leo, usikihukumu kesho. Kipe wiki 3 kamili kabla ya kusema kimefaa au hakikufaa.

Kwanza hakikisha ni ukavu

Ukavu wa kweli una sura yake. Mba ni nyeupe, laini, kavu, na imetawanyika mgongoni na ubavuni. Manyoya yamefifia na pengine yanatoa cheche ndogo za umeme ukiyapitishia mkono. Ngozi chini yake haina wekundu, haina upara, haina vidonda, haina harufu. Mbwa anajikuna mara moja moja kisha anaendelea na mambo yake. Hali ilianza na hita, na mwaka jana iliisha joto liliporudi.

Chukua kipimo cha 0 hadi 10: 0 ni mbwa asiyejikuna kabisa, 10 ni mbwa anayejikuna bila kukoma hata akiwa anakula au anacheza. Alama 1 au 2 ni kawaida kwa mbwa mwenye afya. Ukavu wa baridi humfikisha 3, pengine 4. Akipanda juu ya hapo, acha kufikiria baridi na anza kutafuta. Andika alama hiyo kila wiki, siku ileile, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye usingizi anayesikia kucha zikikwaruza sakafu usiku si kipimo cha kutegemea.

Viroboto kwanza, kila mara. Watu huacha dawa ya viroboto msimu wa baridi wakidhani wamekufa wote. Nje huenda wamekufa, ila nyumba yenye joto ni malazi mazuri kwao mwaka mzima. Mchane mbwa kwa chanuo lenye meno ya karibu sana, hasa kiunoni na kwenye shina la mkia, kisha kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa. Vidoa vyeusi vikiyeyuka na kuacha rangi ya kahawia nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, maana yake ni damu iliyokwisha kumeng'enywa. Udongo wa kawaida hubaki mweusi. Kutomwona kiroboto mwenyewe si hoja, kwani mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhitaji kuumwa mara chache tu ili ajikune siku nyingi, na anapojilamba humeza ushahidi.

Utitiri ndio unaodanganya zaidi. Kuna aina inayoishi juu ya ngozi na kuleta mba nyingi mgongoni, inayofanana kabisa na ukavu. Kung'uta mba hiyo juu ya karatasi nyeusi na uitazame kwa lenzi ya kukuzia kwa dakika mbili: ikiwa punje zinatembea, umepata jibu. Aina nyingine ni ule wa upele, unaochimba ndani ya ngozi. Huo hupenda kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo, na muwasho wake ni wa alama 9 au 10. Sugua ukingo wa sikio la mbwa kati ya vidole viwili. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani kama anayejikuna, wasiwasi wa upele unapanda sana. Na kama watu wa nyumbani nao wana vipele vinavyowasha mikononi au tumboni, usingoje. Jihadhari na jibu la "tumekwangua ngozi hatukuona kitu", maana utitiri wa upele hukosekana mara nyingi katika kipimo hicho, na madaktari wengi hutibu kwa majaribio wakiona dalili zinaelekea huko.

Harufu ni kipimo kingine kizuri. Ukavu haunuki. Mbwa mwenye harufu ya chachu au ya mafuta yaliyooza, ngozi yenye utelezi, manyoya yaliyogeuka kahawia kati ya vidole na ngozi iliyonenepa shingoni au kwapani, ana fangasi wa aina ya chachu. Vipele vyenye usaha, au magamba yaliyojipanga kwa mduara kama pete, huashiria bakteria. Mabaka ya upara yenye magamba huenda yakawa choa, na choa huambukiza watu, kwa hiyo vaa glavu na umtenge na watoto mpaka apimwe.

Kuna na magonjwa ya ndani. Mbwa wa makamo ambaye ameongezeka uzito bila kula zaidi, amekuwa mzito wa kuamka, anatafuta joto kila mahali na manyoya yake yanapungua pande zote mbili kwa ulinganifu, apimwe thairoidi, tezi iliyoko shingoni. Huyu humchanganya mwenye mbwa kwa sababu dalili zake hutokeza zaidi kwenye baridi. Mbwa aina ya Siberian Husky au Alaskan Malamute mwenye magamba magumu kuzunguka macho na mdomo huenda mwili wake haufyonzi zinki vizuri. Golden Retriever mwenye magamba makubwa tangu utotoni, asiyejikuna, huenda amezaliwa nayo. Mzio wa vitu vya hewani nao huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 3, na hushika miguu, uso, masikio na kwapa kuliko mgongo. Msimu wa baridi mbwa hushinda ndani na vumbi la nyumba, kwa hiyo mzio wa vumbi unaweza kuvaa joho la ukavu.

Kama umepita kote huko na hukuona kitu, endelea.

Hewa ya chumba

Nunua kipima unyevu kabla ya kifaa cha kuongeza unyevu. Watu hufanya kinyume, kisha wanabahatisha. Kiweke kwenye kimo cha mbwa, karibu na anapolala, mbali na dirisha na hita, na ukisome asubuhi na jioni kwa siku 3. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Chini ya 30, mafuta yoyote utakayompaka yanafanya kazi ya kujaza maji kwenye pakacha.

Kupita kiasi nako kuna gharama. Unyevu ukikaa juu ya 50, viluwiluwi vya viroboto na utitiri wa vumbi la nyumba wanastawi. Ukifika 60, ukungu unaanza kwenye kona za kuta. Ukiona matone ya maji yanatiririka kwenye vioo vya madirisha kila asubuhi, punguza.

Kifaa chenyewe kiwe cha ukubwa wa chumba anacholala mbwa. Huna haja ya kulowesha nyumba nzima. Vile vinavyotumia mtetemo kurusha ukungu baridi ni rahisi na vya kimya, lakini hurusha na madini yaliyomo majini, yanayotua sakafuni kama vumbi jeupe. Tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa kama mvuke, yaani yale yanayouzwa kama maji yasiyo na madini. Mwaga maji yaliyobaki kila siku na usugue tangi kila wiki, la sivyo utakuwa unarushia bakteria chumbani. Usitie mafuta ya manukato ndani yake hata kidogo. Vinavyochemsha maji huua vijidudu, ila waya na mvuke wa moto havifai mahali penye mbwa mtoto anayetafuna.

Na umsogeze mbwa mbali na hita. Hili ni la bure na husahaulika. Mbwa mzee hujibanza kwenye hita au mekoni mpaka ngozi ya upande mmoja inachorwa michirizi ya kahawia kama wavu, na hiyo ni athari ya joto la muda mrefu, wala haihitaji moto wa kuunguza. Kitanda kikae angalau mita 1 na nusu kutoka kwenye chanzo cha joto, na kiinuliwe kidogo kutoka sakafuni ili asitafute joto kwa sababu ya ubaridi wa chini.

Kuoga bila kumkausha

Wapo wanaosema usimwogeshe mbwa kabisa wakati wa baridi. Sikubaliani nao. Maji ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kurudisha unyevu kwenye ngozi, mradi uyafungie ndani kabla hayajaondoka. Kinachokausha ni maji ya moto, sabuni kali na suuza ya haraka. Kwa mbwa mwenye ukavu mwepesi, mara moja kila wiki 2 inatosha kwa mwezi wa kwanza, halafu kila wiki 4 hadi 6.

Shampuu iwe ya mbwa. Ngozi yake haina uasidi kama yetu, na shampuu ya watu wazima imetengenezwa kwa ngozi yetu. Ya watoto wachanga ni laini zaidi lakini nayo si kwa matumizi ya kila mara. Kwenye lebo tafuta oti, glisirini, seramidi au fitosfingosini. Pramoksini ya asilimia 1 hutuliza muwasho kwa muda kwa kuifisha ganzi ngozi kidogo. Epuka benzoili peroksaidi, salfa, asidi ya salisili na lami kwa ngozi kavu: hizo ni za ngozi yenye mafuta, na hapa zitavua hata kidogo kilichobaki. Klorheksidini ni ya maambukizi, iache mpaka daktari aseme.

Anza kwa kumchana akiwa mkavu, kwani manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza na kuficha shampuu. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 30 hadi 35. Kwenye kiwiko chako yasihisiwe moto wala baridi. Yakizidi joto, damu hukimbilia kwenye ngozi na muwasho unaamka. Mloweshe mpaka ngozi yenyewe iwe majimaji. Kwa manyoya mazito hiyo ni dakika 3 hadi 5, na wengi huacha baada ya nusu dakika, wakidhani kwa kuwa juu kunatiririka basi na chini kumelowa.

Shampuu ya kawaida izimue kwenye chupa, sehemu 1 kwa sehemu 5 hadi 10 za maji, isipokuwa lebo ikikataza. Ikizimuliwa huenea sawasawa na husuuzika kwa urahisi. Ya dawa itumie kama ilivyoandikwa. Paka kwa vidole kufuata mwelekeo wa manyoya, bila kusugua mviringo, kisha iache dakika 10 kwa saa. Dakika 10 ni ndefu sana ukiwa umemshika mbwa anayetetemeka. Mpe kitu cha kulamba ukutani, funga mlango, weka mkeka wa mpira chini asiteleze. Ukikatisha dakika ya 3, dawa iliyomo haijapata muda wa kufanya chochote.

Suuza mpaka maji yatoke safi, halafu suuza tena kwa muda uleule. Mabaki ya shampuu kwapani, kinenani na chini ya kifua ndiyo sababu kubwa ya mbwa kujikuna zaidi jioni ya siku aliyooga, na lawama huangukia shampuu badala ya mkono uliosuuza. Malizia na losheni ya kulainisha manyoya ya mbwa, ile isiyosuuzwa ikiwezekana, ngozi ikiwa bado na unyevu. Huo ndio wakati wa kufungia maji ndani. Kandamiza kwa taulo, usisugue. Kikaushia nywele kiwe kwenye hewa baridi au ya uvuguvugu mdogo, sentimita 30 kutoka mwilini. Asitoke nje mpaka akauke hadi kwenye ngozi.

Kama huna shampuu ya oti, oti zenyewe zinatosha. Chukua oti tupu, zisizo na sukari, ladha wala zabibu kavu (zabibu ni sumu kwa mbwa), uzisage mpaka ziwe unga laini kabisa. Jaribu kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: yakigeuka meupe kama maziwa na kuteleza vidoleni, unga umefaa, ukizama chini kama mchanga, saga tena. Nusu kikombe kwa beseni la lita 10 la maji ya uvuguvugu, mwagia kwa kikombe ukirudia dakika 10 hadi 15, kisha suuza kidogo. Usiache uji ukaukie kwenye manyoya, utashika na kuvuta ngozi. Na usitumie oti kwa mbwa mwenye dalili za chachu nilizotaja juu.

Vya kupaka, na vya kutopaka

Kati ya kuoga na kuoga, dawa ya kupuliza yenye glisirini inasaidia. Unaweza kuitengeneza: kijiko 1 cha chai, yaani mililita 5, cha glisirini tupu isiyo na manukato kwenye mililita 250 za maji yaliyochemshwa na kupozwa. Puliza kidogo, papasa mpaka ifike kwenye ngozi, mwaga iliyobaki baada ya siku 2. Usiongeze glisirini ukidhani kali ndiyo bora. Glisirini huvuta maji, na kwenye hewa kavu, ikiwa nzito, huyavuta kutoka ngozini.

Mafuta ya nazi yamesifiwa kupita uwezo wake. Kwenye viwiko na ncha ya pua iliyopasuka, tabaka jembamba ni sawa. Mwili mzima ni kumchafua tu: yanakaa juu ya manyoya, yanashika vumbi, na mbwa anayalamba yote kabla ya saa kuisha. Siki nayo iache. Kwenye ngozi iliyokwaruzika inachoma.

Hatari ya kweli iko kwenye kabati la dawa za watu. Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwa mbwa hata yakipakwa juu ya ngozi. Krimu zenye zinki oksaidi, kama zile za upele wa nepi, humdhuru akizilamba. Krimu za soriasisi zenye kalsipotrioli zinaweza kumuua kwa kiasi kidogo tu, na mbwa wameshazipata hata kwa kulamba mkono wa mtu aliyejipaka. Dawa ya mzio ya watu iliyochanganywa na ya kufungua pua ni hatari vilevile. Na hata ile isiyochanganywa, kwa mbwa husaidia kwa uchache kuliko watu wanavyotarajia.

Mafuta ya ndani

Udongo wa ule ukuta hutokana na chakula. Asidi ya linoleiki, ya kundi la omega-6, ndiyo malighafi ya seramidi, na mwili wa mbwa hauwezi kuitengeneza. Chakula kamili cha kiwandani huwa nayo ya kutosha kikiwa kipya. Mfuko ukifunguliwa, mafuta yanaanza kuchacha. Ununue wa kumalizika ndani ya wiki 4 hadi 6, uuache chakula ndani ya mfuko wake ukiwa umefungwa, mahali pa baridi. Mbwa anayepikiwa nyama isiyo na mafuta na wali peke yake mara nyingi anakosa linoleiki na zinki pia. Kwa huyo, mafuta ya alizeti nusu kijiko cha chai kwa siku kwa mbwa wa kilo 10, yapande hadi kijiko kimoja, ni mwanzo mzuri. Ila kijiko hicho ni kama kilokalori 40 kwa mbwa anayehitaji 500 hadi 600 tu kwa siku, hivyo punguza kwingine. Zinki usimpe kwa kukisia, ikizidi huzuia shaba kufyonzwa.

Mafuta ya samaki yana kazi tofauti: EPA na DHA, asidi za mafuta za kundi la omega-3, hupoza uvimbe na muwasho. Kosa la kila siku ni kusoma namba ya mbele ya chupa. Kidonge kilichoandikwa miligramu 1000 za mafuta ya samaki mara nyingi kina miligramu 300 tu za EPA na DHA zikijumlishwa. Geuza chupa usome nyuma. Kwa ngozi inayowasha, kiwango kinachotumika ni takribani miligramu 400 za jumla hiyo kwa siku kwa mbwa wa kilo 5, 700 kwa kilo 10, 1200 kwa kilo 20, na 1600 kwa kilo 30. Anza na robo ya hapo, panda taratibu kwa wiki 2, la sivyo atakuharishia zulia. Mwaga juu ya chakula kilichopoa, hifadhi chupa kwenye friji, na ikinuka kama samaki aliyeoza itupe.

Matokeo huja baada ya wiki 8 hadi 12. Ndiyo maana mafuta ya samaki hayafai kuanzishwa katikati ya baridi. Yaanze miezi 2 kabla. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine, yana vitamini A na D nyingi, usiyabadilishane. Ya mbegu za kitani yana omega-3 ya mimea ambayo mbwa huigeuza kuwa EPA kwa uchache mno. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asiongezewe mafuta bila daktari, na kama kuna upasuaji mbele, mwambie daktari kwamba anayatumia.

Maji ya kunywa ni mililita 50 hadi 60 kwa kilo kwa siku, pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Kumnywesha zaidi hakulainishi ngozi, ila bakuli la nje lililoganda linamnyima hata hayo.

Nyayo na sweta

Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hukausha nyayo kuliko baridi yenyewe, na ile ya kalsiamu kloraidi hutoa joto inapoyeyuka, kwa hiyo huchoma. Punguza manyoya kati ya vidole yasiote mabonge ya barafu, paka nta ya nyuki kabla ya kutoka, na akirudi mtumbukize miguu kwenye maji ya uvuguvugu, kisha kausha kati ya vidole. Kupangusa kwa kitambaa tu huacha chumvi palepale anapolamba.

Sweta inafaa mbwa mwenye manyoya mafupi akiwa nje. Ndani ivuliwe, maana husugua kwapani, huzuia mafuta ya ngozi kuenea na huloa bila wewe kujua. Ifue kwa sabuni isiyo na manukato. Brashi laini kila siku kwa dakika 5 ina faida kuliko sweta, kwani husambaza mafuta yake mwenyewe kutoka shinani hadi nchani. Mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili usimnyoe.

Daktari

Nenda bila kungoja wiki 3 ukiona upara, usaha, harufu, masikio mekundu, alama ya muwasho ya 5 au zaidi, au baka jekundu lenye majimaji lililotokea kwa usiku mmoja. Ukiwa umefuata yote haya na hewa iko asilimia 40 hadi 50, lakini baada ya wiki 3 mba ni ileile, nenda pia.

Usimwogeshe siku 2 au 3 kabla, wala usimpake kitu, kwa kuwa unaosha kile ambacho daktari anataka kukichukua kwenye kioo cha hadubini. Usimpe vidonge vya steroidi vilivyobaki mwaka jana: vitaficha muwasho siku ya miadi na kuharibu baadhi ya vipimo. Beba lebo za chakula, shampuu na mafuta, tarehe ya mwisho ya dawa ya viroboto, alama ulizoandika kila wiki, na picha ya ngozi ilivyokuwa siku mbaya kuliko zote, maana mbwa wengi wakifika chumba cha daktari husimama kimya na kusahau kabisa kwamba wanawashwa.